Kugawana au Kushirikishana? Istilahi za Data za Viumbe wa Majini, Toka Ncha za Dunia hadi Ziwa Victoria

Katika makala hii tumekusudia kueleza istilahi chache za fani ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, yaonekana kuwa mbali sana na maisha ya wasomaji wetu. Fani hiyo ni ya mapatano ya mataifa ya kuweka pamoja kumbukumbu za viumbe waishio katika bahari za ncha za dunia. Tumeichagua kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba maandishi ya namna hii yanazidi kufika mezani pa watafsiri na walimu, na kila mmoja huyatafsiri aonavyo yeye. Sababu ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kwamba maneno yatumiwayo kuhusu bahari hizo za barafu ndiyo yayo hayo yatumiwayo katika fomu, barua na taarifa zinazohusu Ziwa Victoria na mito inayoliletea maji. Mtafsiri akikosea habari za barafu, pengine hakuna atakayegundua. Akikosea habari za ziwa, hukosea mbele ya watu ambao riziki yao imo katika maneno hayo.

1. Swali la Murukulazo

Yatupasa kuanza na kosa, nalo ni la sisi wenyewe tuandikao makala hii. Tulipata kutafsiri maelezo ya fomu ya kukusanyia habari za samaki na mimea ya majini. Maelezo hayo yalisema kwamba nchi zinazotumia maji yale yale zitapeana kumbukumbu zao ili kila moja iweze kuzitumia. Sisi tuliandika kwamba kumbukumbu hizo “zitagawanywa baina ya nchi jirani”. Tuliisoma sentensi hiyo mara mbili, tukaiona imenyooka, tukaipitisha.

Baadaye tulifika Murukulazo, katika upande wa wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, ili tuyajaribu maneno ya fomu hiyo mbele ya watu. Upande huo tuliuchagua kwa makusudi. Huko wasemaji wa Kihangaza, Kisubi, Kiha, Kihaya na Kisukuma hukutana, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tena ni mbali na pwani, hata hakuna awezaye kulikisia neno kwa mazoea ya baharini. Istilahi inayoeleweka huko ina matumaini ya kueleweka popote. Tuliketi na walimu, watendaji wa vijiji, kina mama wauzao samaki wakavu na wazee wachache, tukawasomea sentensi baada ya sentensi.

Tulipofika kwenye neno “zitagawanywa”, mzee mmoja alituuliza: “Wanangu, mkishagawana, sisi tutabakiwa na nini?”

Tulimjibu kwamba hakuna kitakachopungua. Hakuridhika. Alitukumbusha kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 nchi tatu ziligawana mali, kila moja ikaondoka na fungu lake, na vilivyokuwa vya wote havikuwa tena vya wote. “Hilo ndilo neno mliloliandika hapa,” akasema. Hatukuwa na jibu, kwa kuwa mzee alikuwa akikijua Kiswahili chake. Msikilizaji hakukosea, aliyekosea ni mtafsiri.

2. Vitenzi vinne

Tangu siku hiyo tumevipima vitenzi vinne ambavyo watafsiri huvitumia katika habari hii kana kwamba vina maana moja. Ni vyema tuvieleze kimoja kimoja.

Kugawana kunatokana na kugawa, na kitu kinachogawanywa hupungua kwa kila anayekipokea. Warithi watano wakigawana shamba la ekari kumi, kila mmoja hupata ekari mbili, wala hakuna apataye kumi. Lakini kumbukumbu ya samaki aliyeonekana mahali fulani, siku fulani, si shamba. Ikisomwa Jinja, haitoweki Mwanza. Ikisomwa na nchi kumi, kila nchi inayo yote kamili.

Kubadilishana ni kupeana kwa malipo: mimi nakupa hiki, nawe wanipa kile. Neno hili ni sahihi mahali ambapo pande zote mbili zina cha kutoa, wala halifai kutupwa. Hata hivyo lina sharti ndani yake, kwamba asiye na cha kutoa hana cha kupokea. Nchi isiyo na meli ya utafiti, au wilaya isiyo na maabara, yaweza kujikuta imehesabiwa nje.

Kushirikiana ni neno zuri tulilolizoea sana, ila husema habari za watu na kazi yao, si za kitu wanachokitumia. Twasema kwamba watafiti wanashirikiana katika kukusanya data. Hatusemi kwamba “wanashirikiana data”, kwa kuwa kitenzi hicho hakichukui yambwa ya namna hiyo. Wanaoandika hivyo wanakivunja kitenzi ili kiseme jambo ambalo hakikuumbwa kulisema.

Kushirikishana kuna shina shiriki, kiambishi -ish- cha kusababisha, na kiambishi -an- cha kutendana. Kumshirikisha mtu ni kumfanya awe na sehemu katika jambo. Kushirikishana ni kufanyiana hivyo. Kitenzi hiki chaweza kuchukua yambwa: “Nchi hizi zinashirikishana data za samaki.” Mwenye nacho hapotezi, na asiye nacho hafukuzwi. Nomino yake ni ushirikishanaji. Twakiri kwamba ni neno refu, na huenda wahariri wa magazeti wasilipende. Lakini neno fupi tulilolitumia kwanza lilikuwa limesema uongo.

Tulipolieleza neno hili Murukulazo, mama mmoja muuza samaki alilipokea kabla yetu hatujamaliza. “Basi ni kama moto,” alisema. “Jirani akija na kijinga chake akawasha kwangu, mimi silali gizani.” Hatujapata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

3. Bara ambalo halikugawanywa

Mfano mkubwa wa tofauti baina ya kugawana na kushirikishana umo katika ncha ya kusini ya dunia. Antaktika ni bara lililofunikwa na barafu na kuzungukwa na bahari pande zote. Kufikia miaka ya 1950 nchi saba zilikuwa zimedai vipande vyake, na baadhi ya madai hayo yalipandana. Tarehe 1 Desemba 1959, mjini Washington, nchi 12, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, zilitia sahihi Mkataba wa Antaktika. Mkataba huo, ulioanza kutumika mwaka 1961, haukuyakubali madai ya zamani wala haukuyakataa; uliyaacha palepale yalipokuwa na kukataza madai mapya.

Badala ya kugawana bara, nchi hizo ziliafikiana katika kifungu cha tatu kwamba, kwa kadiri iwezekanavyo, matokeo ya uchunguzi wa kisayansi yabadilishwe baina yao na kuwekwa wazi ili yapatikane bila kizuizi. Mtafsiri aangalie kwamba humo mna mambo mawili. Kubadilishana ni baina ya nchi zilizo katika mkataba. Kuweka wazi ni kwa watu wote. Akiyafunga yote mawili katika neno kugawana, atakuwa ameandika kinyume cha kusudi la mkataba wenyewe, ambao uliandikwa ili bara hilo lisigawanywe.

Ahadi ya karatasi haikutosha. Kwa miaka mingi kumbukumbu za viumbe wa bahari hiyo zilikaa katika madaftari ya meli, majumba ya makumbusho na taasisi za nchi mbalimbali, kila mahali kwa utaratibu wake. Mwaka 2005, chini ya Kamati ya Kisayansi ya Utafiti wa Antaktika iliyoundwa mwaka 1958, ulianzishwa mtandao wa habari za viumbe wa bahari hiyo, ukiitwa kwa kifupi SCAR-MarBIN, na ukaendeshwa kutoka Ubelgiji. Moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kutengeneza rejista ya majina, ili kiumbe mmoja asihesabiwe mara mbili kwa sababu tu ameandikwa kwa majina mawili. Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, ulioanza Machi 2007 na kumalizika Machi 2009, uliongeza safari za utafiti na wingi wa kumbukumbu. Kumbukumbu hizo ziliunganishwa na mitandao ya dunia nzima, yaani GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye makao yake Copenhagen, na OBIS, uliopokewa mwaka 2009 na tume ya bahari ya UNESCO.

Faida yake ilionekana upesi. Mwaka 2009 watafiti walitangaza orodha ya spishi 235 zilizoandikwa kuwa zimeonekana katika bahari za ncha zote mbili, ingawa bahari hizo zimetengana kwa maelfu ya kilometa. Hakuna meli moja ambayo ingeweza kuipata orodha hiyo. Ilipatikana kwa kuliweka daftari la kaskazini kando ya daftari la kusini. Orodha yenyewe si hukumu ya mwisho, kwa kuwa viumbe wanaofanana kwa macho huhitaji kupimwa zaidi ili ijulikane kama ni spishi moja kweli. Lakini hata shaka hiyo haiwezi kuzaliwa kabla madaftari hayajakutana.

4. Ziwa lililohesabiwa vipande vipande

Wasomaji waweza kuuliza kwamba hayo yote yatuhusu nini sisi. Jibu limo katika Mto Kagera. Mto huo, ambao bonde lake limo Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda, hupita mipakani mwa Ngara na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na ziwa hilo lina nchi tatu kandokando yake. Samaki, mbegu na maji havionyeshi hati ya kusafiria mahali popote.

Uchunguzi mkubwa wa uvuvi wa ziwa hilo ulifanywa mwaka 1927 na 1928 chini ya Michael Graham. Mwaka 1947 ilianzishwa taasisi ya pamoja ya utafiti wa samaki, yenye makao yake Jinja, Uganda, ambayo baadaye ilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo nayo ilikatwa vipande. Kenya iliunda taasisi yake mwaka 1979, na Tanzania ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, yaani TAFIRI, mwaka 1980. Mali nyingine za Jumuiya zilifikiriwa kwa miaka mingi, mpaka mkataba wa kuzigawa ulipotiwa sahihi mwaka 1984. Hapa neno la mzee wa Murukulazo lina maana yake kamili: utafiti uligawanywa.

Nao uligawanywa wakati mbaya. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980. Furu, ambao katika ziwa hilo wanakadiriwa kuwa na spishi 500 au zaidi, walipungua upesi, na inaaminika kwamba spishi nyingi zilitoweka kabisa. Katika Ghuba ya Mwanza watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, wakishirikiana na Watanzania, walikuwa wameanza kuwachunguza furu hao toka mwaka 1977. Spishi nyingi hazikuwa na majina ya kisayansi, zikapewa majina ya muda, na baadhi ziliacha kuonekana kabla hazijapata majina rasmi. Hatusemi kwamba kumbukumbu za pamoja zingemzuia sangara. Twasema tu kwamba ziwa lilipokuwa likigeuka, kila nchi ilikuwa ikilihesabu kutoka ufukoni kwake.

Upande wa mto nako hakukukosa juhudi. Tarehe 24 Agosti 1977, huko Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, nchi za Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kuunda shirika la bonde la Mto Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981, na shirika hilo lilivunjwa mwaka 2004. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji lilionekana katika Ziwa Victoria, na Mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia kubwa lililopitia. Gugu lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka wakati ofisi zilipokuwa bado zinaandikiana barua. Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda ziliafikiana kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lenye makao yake Jinja, na hesabu ya ziwa zima ikapata tena mahali pa kukutania.

5. Jina moja, samaki wengi

Madaftari yakikutana, majina ndiyo hugombana kwanza. Tuliona jambo hili kwa macho yetu huko Murukulazo, pale mama yule yule alipotuonyesha mafungu mawili ya samaki wadogo, akayaita dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma. Mnunuzi hupata anachokitaka. Mwenye fomu hapati, kwa sababu dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, na dagaa wa Kigoma tumjuaye zaidi ni Stolothrissa tanganicae, jamaa wa saradini. Huko pwani dagaa ni jina la samaki wadogo wa namna nyingi za bahari. Mtu akiandika “dagaa” peke yake, ameandika habari za soko, hajaandika habari za kiumbe.

Kinyume chake pia ni kweli. Dagaa yule wa Ziwa Victoria huitwa omena upande wa Kenya na mukene upande wa Uganda. Sangara wa Tanzania ni mbuta huko Kenya na mputa huko Uganda. Hatari kubwa kuliko zote imo katika neno mamba. Waganda humwita kamongo emmamba, nasi kwa Kiswahili twamwita mamba mnyama mwingine kabisa, mla watu. Mtafsiri mwenye haraka aweza kuandika kwamba mamba wananaswa kwa wingi katika nyavu, na msomaji akakimbia ziwa.

Ndiyo sababu wanasayansi hutumia majina ya Kilatini. Lakini hata hayo si mwamba. Gugu maji lilijulikana kwa miaka mingi kama Eichhornia crassipes. Siku hizi wataalamu wengi huliandika Pontederia crassipes. Asiyejua kwamba majina hayo mawili ni ya mmea mmoja atadhani kwamba yamekuja magugu mawili. Kwa hiyo rejista ya majina huwa na jina linalokubaliwa pamoja na visawe vyake, kama kamusi ifanyavyo.

Hapa twatoa mashauri mawili. La kwanza ni kwamba neno aina lisitumiwe mahali pa spishi. Twasema aina ya nguo, aina ya udongo, aina ya maneno. Neno hilo ni pana na lina kazi zake. Spishi ni kundi la viumbe wa asili moja wawezao kuzaliana na kupata uzao unaozaa. Furu wote kwa mvuvi ni aina moja ya samaki, lakini kwa daftari ni mamia ya spishi. Kwa kuwa neno lilikuwa moja, tuliweza kusema kwamba “furu wamepungua” bila kuona kwamba tulikuwa tukiwapoteza wengi tofauti.

La pili ni kwamba jina la kienyeji lisifutwe baada ya kupatikana la Kilatini. Liandikwe pamoja na lugha yake na mahali liliposikiwa. Jina hilo humwonyesha mtafiti wa kesho ni nani wa kumwuliza, na humwezesha aliyetoa habari kuitambua habari yake.

6. Bure, huria, hifadhi na kanzi

Maandishi ya mataifa husema sana kwamba data zipatikane bila malipo na bila kizuizi. Watafsiri wengi huandika “data za bure”. Neno bure kweli maana yake ni bila malipo, lakini pia ni bila faida: mtu hufanya kazi bure, na maneno ya bure hayana maana. Isitoshe, kukosa bei si kukosa kizuizi. Kitabu chaweza kutolewa bila malipo na bado kukakatazwa kunakiliwa. Twapendekeza data huria, kwa kufuata soko huria, lugha ambayo wananchi wameizoea. Kuwa huria si kukosa sharti. Mwenye kuzitumia hupaswa kumtaja aliyezikusanya, na mahali anapoishi kiumbe aliye katika hatari ya kuwindwa huweza kufichwa kwa makusudi.

Kwa mkusanyiko wa data uliopangwa ili utafutwe kwa urahisi, yako maneno mawili yanayoshindana: hifadhidata na kanzidata. Yote mawili yameundwa vizuri. Lakini huko Murukulazo neno hifadhi lina sura yake. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na mwananchi wa upande huo asikiapo hifadhi hufikiria mahali penye mpaka, pasipoingiwa ila kwa kibali. Tulipouliza maana ya hifadhidata, mtendaji mmoja alijibu kwamba ni mahali ambapo data zimezuiwa. Kanzi ni hazina, akiba ya mali, na hazina njema ni ile ambayo mwenyewe aweza kuifungua. Kwa habari hii tunayoizungumzia twaona kanzidata lafaa zaidi, bila kulikataza lile jingine mahali ambapo limekwisha kuzoeleka.

Neno data lenyewe lisichanganywe na takwimu. Takwimu ni tarakimu na hesabu zake. Picha ya samaki, jina la kijito na tarehe ya kuvua ni data, lakini si takwimu. Na kila data huhitaji maelezo yake: nani aliona, wapi, lini, kwa chombo gani, na nani alitambua. Maelezo hayo baadhi ya watu huyaita metadata. Sisi twaona maelezo ya data yanatosha, na mwalimu hahitaji kuyafafanua zaidi. Data isiyo na maelezo yake ni kama chupa ya dawa iliyobanduka karatasi: dawa imo, lakini nani atainywa? Ili maelezo ya nchi moja yasomeke katika nchi nyingine, mitandao hutumia orodha moja ya vichwa vya safu, iitwayo Darwin Core, iliyokubaliwa rasmi mwaka 2009. Orodha hiyo ni kazi ya istilahi kama yetu, kwa kuwa ni watu waliokaa na kukubaliana kwamba neno hili litumike kwa jambo hili na si kwa jingine.

Tumalizie na jambo dogo la uchapaji. Wako waandikao “bahari za nchani” kwa maana ya bahari za ncha za dunia. Sarufi yake haina kasoro. Lakini msoma prufu akiliona huligeuza kuwa “bahari za nchini”, akidhani amesahihisha, na bahari ya barafu ikahamia kwetu. Iandikwe kwa ukamilifu: bahari za ncha za dunia, au bahari ya ncha ya kusini, au ya kaskazini.

7. Istilahi tunazopendekeza

Bioanuwai: wingi na utofauti wa viumbe hai wa mahali, pamoja na mazingira yao.
Data: habari zilizoandikwa au kurekodiwa kwa ajili ya kutumiwa katika uchunguzi, ziwe tarakimu, maneno au picha.
Data huria: data ambazo mtu yeyote aweza kuzipata na kuzitumia kwa kufuata masharti yaliyotangazwa.
Kanzidata: mkusanyiko wa data uliopangwa kwa utaratibu ili utafutwe na kuongezwa kwa urahisi.
Kielelezo: kiumbe au sehemu yake iliyohifadhiwa ili iwe ushahidi wa jina na wa mahali.
Kushirikishana data: kuwezeshana kuzitumia data zile zile bila mwenye kuzitoa kuzipoteza.
Maelezo ya data: habari zinazoeleza data ilipatikana wapi, lini, kwa njia gani na kwa nani.
Ncha za dunia: sehemu za mwisho kabisa za dunia, ya kaskazini na ya kusini.
Spishi: kundi la viumbe wa asili moja wawezao kuzaliana na kupata uzao unaozaa.

Kabla ya kuondoka Murukulazo tuliiandika upya sentensi yetu, tukawasomea: “Kumbukumbu hizi zitabaki kwenu, na nchi jirani nazo zitashirikishwa.” Mzee wetu aliitika kwa kichwa, kisha akauliza swali la pili. Alitaka kujua kama, nchi jirani zikishaziweka kumbukumbu zao pamoja na za kwao, majibu yatarudi Murukulazo, na kama yatarudi katika lugha anayoisoma.

Swali hilo linatuhusu sisi kuliko wanasayansi. Vielelezo vingi vya samaki wa ziwa letu vimo katika makumbusho ya London na Leiden, na mengi yaliyoandikwa juu yao hayajaandikwa kwa Kiswahili. Tukisema kwamba watu wanashirikishana, kiambishi -an- kinadai kwamba habari ziende na zirudi. Zikienda tu, wameshirikisha, hawajashirikishana. Kurudi kwake ni kazi ya mtafsiri, ya mwalimu na ya mtumishi wa ofisi aandikaye taarifa ya wilaya.

Tunawaomba wasomaji wayajaribu maneno haya darasani na maofisini mwao, hasa mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya wasikilizaji, na watuandikie watakayoyasikia. Mwenye neno bora kuliko kushirikishana asilifiche.